Mkwe wangu ananiitikia "sawa, baba", kisha anarudisha visaidizi vyake

Admin, nifichie jina. Mimi ni baba wa miaka sitini na tatu, mwalimu wa hisabati mstaafu, naishi Tabata. Baada ya kustaafu nilijifunza kuandika programu za kompyuta, na sasa kazi hiyo naifanya na mume wa binti yangu. Hapo ndipo penye kidonda.

Niwaeleze kidogo mnielewe. Kuna kampuni ndogo inayopeleka wagonjwa kliniki. Watu wanatuma meseji, "nichukueni saa mbili asubuhi", na programu yetu inazisoma. Tunaandika visomaji vidogo vidogo: kimoja kinajua namba, kingine kinajua neno "saa", kisha tunaviunganisha mpaka sentensi nzima isomeke. Lugha ya kompyuta tunayoandikia inaruhusu pia visaidizi vya kugeuza. Ukiandika neno tupu, kisaidizi kinaligeuza kuwa kisomaji kimyakimya, bila wewe kukiita. Kazi inakuwa fupi na inapendeza machoni. Mkwe wangu anavipenda mno.

Tatizo ni huo ukimya. Kompyuta inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi tunaanzia alfajiri, kwa hiyo saa mbili yetu lazima iongezwe sita. Mimi nilikuwa nimeziongeza wazi, mahali panapoonekana. Yeye akaweka kisaidizi kinachoongeza chenyewe. Sita zikaingia mara mbili, gari likaenda saa nane mchana. Mama mmoja wa Temeke alikuwa hajala tangu jana yake kwa ajili ya kipimo cha damu. Alizimia barazani akisubiri.

Nikamwambia, "Mwanangu, viondoe. Kinachogeuza saa kiitwe kwa jina lake, tukione."

"Sawa, baba, nimekuelewa."

Kesho yake nafungua kazi, vimerudi kwa sura nyingine. Nimerudia kumwambia, jibu ni lile lile, macho chini. Mkwe habishani na mkwewe, basi hata sababu zake sizijui. Nami siwezi kumfokea.

Binti yangu kanipigia: "Baba, ukimfukuza huyu, mie nitakaa naye vipi humu ndani? Anasema unamfundisha kama yuko kidato cha kwanza."

Mke wangu anataka tumwite mshenga. Nikamuuliza, "Mshenga aje aamue kisaidizi kipi kifutwe?"

"Mahari uliyoing'ang'ania aliishusha," akanijibu. "Hili ndilo litamshinda?"

Jumatatu mwenye kampuni anataka nimhakikishie kwa mdomo wangu kwamba saa hazitakosewa tena. Nitahakikishaje kitu kinachorudishwa nikigeuza mgongo? Nikimtoa mkwe kazini, naivuruga nyumba ya mwanangu. Nikinyamaza, yupo mgonjwa mwingine atakayekaa na njaa akitazama barabarani.

Ninyi mliowahi kufanya kazi na mkwe, mlifanyaje hadi akawaambia "hapana" usoni? Maana "sawa, baba" yake ndiyo inayonimaliza. Nielekezeni, wanangu, nimechoka.