Sentimita Tatu za Metre Iliyokatika

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya soko, mke wangu alimleta binti yetu kwenye meza yangu ya kushonea, mtaa wa Bungulu mjini Beni, akaniambia kofia haimwingii. Mtoto alikuwa na miezi minne. Kofia nilikuwa nimeishona mwenyewe majuma matatu nyuma.

"Papa, angalia. Haiingie."

"Umeifua na maji ya moto. Kitambaa ile inarudiaka ndogo."

"Kitambaa njo inapunguka, ao kichwa njo inaongezeka?"

"Nani fundi hapa, miye ao weye?"

Wateja wawili walicheka. Ili kumnyamazisha nilichukua metre, utepe wangu wa kupimia, nikaizungusha kichwani kwa mtoto, nikasoma namba, nikaandika katika daftari la vipimo vya wateja: arobaini na tano. Kisha nikarudi kwenye suruali. Ilikuwa miaka ile waasi walitawala Beni na Butembo, na suruali zilikuwa zao, hawakupenda kungoja.

Mke wangu alikwenda na mtoto, bila mimi, kwenye kituo cha afya. Mchana nilimfuata, kwa sababu hakurudi kupika. Muuguzi, mwanamke mnene asiyependa maswali, alibonyeza utosi wa mtoto. Ulikuwa umejaa na kukaza.

"Ni maji," alisema. "Ile homa ya shingo kukauka, alipokuwa na mwezi moja, iliacha kovu ndani. Njia ya maji imefungwa. Kila juma mbili mumupeleke Butembo, docteur apime kichwa. Ikiongezeka, atamutia mupira mbio mbio. Mukichelewa, macho itaenda."

Nilitaka kuelewa, si kuambiwa tu. Nilikuwa na kitabu cha Kifaransa cha wanafunzi wa uuguzi, nilichokinunua sokoni kikiwa hakina jalada, na nilikisoma kwa kamusi. Kila mtu ana maji hayo, kilieleza. Hutengenezwa ndani ya ubongo usiku na mchana, huuzunguka, kisha damu huyanyonya. Njia ikiziba, hayaachi kutengenezwa. Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa haijashikana, basi kichwa hupanuka, na ubongo husukumwa kwenye ukuta wa fuvu. Dawa ya kunywa ya kuyamaliza hakuna. Daktari hupitisha mpira mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, na tumbo huyanyonya.

Nilisoma ukurasa huo mara tano na nikaona nimekuwa mtu wa kujua. Njia ya Butembo ilikuwa na vizuizi sita vya waasi, na kila kizuizi kilikuwa na mikono yake ya kudai pesa. Ikiwa kazi ya daktari ni kupima tu, niliwaza, metre ninayo, na nimepima vichwa na viuno kwa miaka kumi na saba.

Juma la pili nilipima: arobaini na tatu. Nilimwonyesha mke wangu daftari. Kichwa kimepungua sentimita mbili. Juma la nne: arobaini na nne. Juma la sita: arobaini na tano, sawa na siku ya kwanza.

"Analia tangu asubuhi, anatapika," alisema. "Twende Butembo."

"Kusoma unajua? Soma hapa."

Hakujua kusoma. Nilikuwa ninalijua hilo nilipomwuliza.

Siku nne baadaye macho ya mtoto yalishuka, weupe ukaonekana juu ya mboni, kama mtu anayetazama kidevu chake. Kitabu kilikuwa na picha hiyo hiyo. Tulipanda pikipiki mara moja.

Kwenye kizuizi cha tatu askari kijana aliisimamisha pikipiki kwa bunduki.

"Muzee, hii ni kichwa ya mutoto ao ya ministre?"

Mwenzake alisogea. "Acha weye, humu kuko or, zahabu. Mama, fungula tuone."

Mke wangu alikifungua kitambaa. Yule wa pili aligonga kichwa cha mtoto kwa kidole, mara mbili, kama mtu anayechagua papai. "Bado haijaiva," alisema. Wakacheka. Nami nilicheka pamoja nao, kwa sauti, mpaka wakainua kamba tukapita. Mke wangu alinitazama nikicheka.

Daktari wa Butembo alipima kwa metre yake: arobaini na sita. Nilimpa daftari langu. Alilisoma taratibu, halafu akalirudisha mezani.

"Monsieur, mupime na ya kwenu."

Nilipima mbele yake. "Arobaini na tisa, kutoa tatu, arobaini na sita."

"Mbona munatoa tatu?"

Nilimweleza. Ncha ya metre yangu ilikatika zamani, ikaenda na sentimita tatu za mwanzo. Mafundi wengi wa soko letu wana metre za namna hiyo. Mtu hupima, hutoa tatu, huandika. Mkono hufanya wenyewe.

Aligeuza kurasa hadi siku ya kwanza. "Na hii arobaini na tano, mulitoa?"

Siku ile nilikuwa na hasira na wateja walikuwa wanacheka. Nilikuwa nimeandika namba kama ilivyo. Kichwa kilikuwa arobaini na mbili. Hakikupungua hata siku moja.

Daktari aliwasha tochi ndogo, akaipitisha mbele ya macho ya binti yangu, kulia, kushoto, kulia. Macho hayakuifuata.

"Mupira nitautia kesho," alisema. "Utalinda maisha. Hii ingine, mulipashwa kuleta mwezi uliopita."

Aliutia. Kichwa kilikoma kukua, kutapika kuliisha. Alitufundisha kutazama homa, na degedege, na usingizi usio wa kawaida, kwa kuwa mpira huweza kuziba au kuingiwa na vijidudu. Siku ya kutoka hospitali niliitoa metre mfukoni ili nianze ukurasa mpya.

"Usimuguse na hiyo kamba," alisema mke wangu. "Hata siku moja."

Binti yangu alikua bila kuona. Safari tatu za Butembo ambazo sikuzifanya, pikipiki na vizuizi pamoja, ziliniokolea dola arobaini na tano.