Gobore la Mkono wa Kushoto

"Verna Klinger anazungumza na mbao," alisema Dottie, akiegemea ua wa Tessa kana kwamba ni wake. "Amerukwa na akili, mwenzangu. Anachonga gobore juu ya meza ya chakula, na ule ubao anauita Elwood."

"Elwood si marehemu mumewe?"

"Ndiyo hapo sasa! Mtoto wako usimpitishe karibu na dirisha lile."

Tessa alimpachika mwanawe Maisie kiunoni, akachukua sufuria ya supu ya kuku, akavuka barabara. Dottie alikuwa mtu wa kuongeza chumvi, lakini hata chumvi huongezwa penye mchuzi.

Kweli, Bi Verna alikuwa akisema na ubao. "Polepole, Elwood. Hapa mshipa wa mti umegeuka." Alikuwa kibibi kifupi, aproni imejaa vumbi la mti, na alipomwona Tessa hakuona haya hata kidogo. "Ingia, mwanangu. Funga mlango, upepo utanitawanyia uchafu."

Katika bonde lile, siku ya pili baada ya Krismasi ikifika watu hupanda mlimani kuwinda kulungu kwa magobore ya jiwe, ambayo jiwe hutoa cheche za kuwasha baruti, kama walivyowinda mababu zao. Bunduki nyingine hairuhusiwi majira hayo. Bi Verna alipanda na mumewe tangu uchumba wao. Tatizo ni kwamba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na gobore la Elwood lilikuwa la kulia, mtambo wa cheche ukimkalia upande wa shavu: kila alipofyatua, cheche zilimrukia usoni. Vile vidoa vyeusi chini ya jicho lake, ambavyo Tessa siku zote alividhani ni vya kuzaliwa navyo, vilikuwa baruti.

"Nyusi zangu nimezizika mlimani," Bi Verna alisema, akacheka.

Elwood alimwahidi gobore lake mwenyewe. Aliangusha mti wa sukari, ule wenye utomvu mtamu, akapasua ubao mmoja wenye mawimbi kama maji ya bwawa yakipigwa na upepo, akausukuma chini ya kitanda ukauke. Kila mwaka ikawa, "Mwakani, Verna." Theluji ilipoyeyuka mwaka huu akafa. Ubao ukabaki.

Mwanawe Russell alitaka anunue. Alimpeleka dukani, wakamtolea gobore la mkono wa kushoto, jipya, linang'aa. Bi Verna alilipachika begani, kitako kirefu kikamficha kidevu.

"Hili limetengenezewa mtu aliyemeza ngazi," akamwambia muuzaji.

"Watalipunguza, Mama," alisema Russell. "Ubao wako ni mmoja tu. Patasi ikiteleza, umekosa gobore na umekosa ubao. Na mikono yako inatetemeka. Basi niachie mimi nichonge."

"Wewe utanichongea la kwako. Nimetumia la mtu mwingine miaka yote hiyo, inatosha."

"Ukiliharibu utabaki kambini kutupikia, sisi tukiwinda."

"Nikiliharibu nitapika. Na mtakula mtakachopikiwa."

Basi mtutu na mtambo wa cheche akaviagiza vikaja kwa posta, na mti akachonga mwenyewe.

Tessa akazoea kwenda, Maisie akicheza na maranda sakafuni. Aliona mambo ambayo Dottie hangeyaona kwa kuchungulia dirishani. Bi Verna hakushindana na mikono yake. Aliweka patasi penye mstari, akasubiri. Mtetemo ulikuja, ukazunguka, ukaondoka, na hapo ndipo akakata, utepe mwembamba kama ganda la kitunguu. Ndivyo Tessa mwenyewe alivyosubiri kando ya kitanda cha Maisie, pumzi ya mtoto itulie, ndipo autoe mkono wake chini ya shingo ile ndogo. Hakujua kwamba hata mti unaweza kusubiriwa hivyo.

Majani yalipopukutika, gobore lilikuwa limekamilika, limepakwa mafuta, mawimbi yote yakionekana. Asubuhi ya theluji ya kwanza Tessa alimvalisha Maisie sweta, na sweta jingine, na koti juu. Mtoto akasimama mikono imetanuka kama sanamu ya kufukuza ndege shambani. Tessa akamtazama. Akambeba vivyo hivyo, akavuka barabara mbio.

"Bi Verna, ulipolipima gobore begani, ulivaa nini?"

"Gauni. Kulikuwa na jua kali."

Wakatazamana. Bi Verna akavaa koti zito la sufu la Elwood, akainua gobore. Kitako kikakwama kwapani, kirefu mno kwa unene wa koti.

"Bibi mjinga mimi! Bonde zima wanajua kupima na koti. Nimejipima kama naenda kula aiskrimu."

"Nimwite Russell?"

"Russell atakata vizuri sana. Halafu kila nikiliinua nitamkumbuka Russell."

Kitakoni ndipo mawimbi ya mti yalipopendeza kuliko pengine pote, na ndipo pa kukatwa. Msumeno ukipinda, hakuna mlima tena mwaka huu. Bi Verna alichora mstari, akautazama, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Mkalishe mtoto pale. Shika huku, kwa nguvu. Nikianza kutetemeka usiseme kitu, subiri nami."

Akakata. Akasimama. Tessa aliusikia mtetemo ukipita ndani ya mti hadi viganjani mwake, kisha ukaisha, kama kilio kinavyoisha. Msumeno ukaendelea. Kipande kikaanguka sakafuni kama ukoko wa mkate, na sehemu iliyokatwa ilikuwa imenyooka.

Koti tena. Safari hii kitako kilikaa begani kama paka aliyepata mahali pake. Bi Verna aliulenga mlima kupitia dirishani, mtambo wa cheche ukiwa upande wa pili, mbali na shavu lake, na hakulishusha upesi.

"Umeona, Elwood," alisema kwa sauti ya chini.

Tessa akajifanya anamfuta Maisie pua.

Bi Verna alilaza gobore mezani, akaanza kulivua koti. Vidole vikahangaika na kifungo cha juu, vikakiacha, vikakirudia.

"Tessa, mwanangu. Siku ya kupanda mlimani, alfajiri, kabla Russell hajaja kunipigia honi, uje unifunge vifungo. Patasi naiweza. Hivi vimenishinda."