Bomba Lililopita Chumbani kwa Mama

Mtaani walimwita Masizi, naye aliitika. Jina hilo alipewa na dada yake mkubwa siku aliyorudi nyumbani kutoka kwenye kazi yake ya kwanza ya boila, uso mweusi tii, yanaonekana meno tu, na familia nzima ikacheka mpaka ikashika mbavu. Miaka ikaenda, kicheko kikaisha, jina likabaki. Waliomwita fundi ni wale tu ambao boila zao zilikuwa zimezimika na wateja wako mlangoni.

Dada mtu alikuwa na biashara ya udobi. Si udobi wa beseni na kamba. Alikuwa na mashine kubwa za kufulia, na boila ya dizeli ya kuchemshia maji ya mashuka ya hospitali. Boila hiyo aliifunga Masizi. Jengo halikuwa na dohani ya kutolea moshi, kwa hiyo alitoboa ukuta wa nyuma akapitisha bomba moja kwa moja hadi nje, lile la bomba ndani ya bomba: la ndani linatoa moshi, la nje linavuta hewa safi ya kuchomea. Akaziba kila kiungo, huko nje akaweka kofia ya chuma yenye wavu ili ndege wasije kujenga kiota, kisha akamwambia dada yake kwamba mbele ya kofia ile pasiwekwe kitu chochote, si gunia, si nguo, si ukuta. Dada akasema amesikia. Dada siku zote husikia. Tatizo lake halijawahi kuwa masikio.

Baadaye Masizi akapata kazi mji mwingine, boila za mabweni ya shule, akakaa huko muda mrefu. Huku nyuma likazuka suala la mama yao. Mama alikuwa amezeeka, magoti yamegoma, na nyumba aliyopanga ilikuwa ya ngazi. Masizi mwenyewe aliishi chumba kimoja, kitanda na spana vikigombania nafasi. Asingeweza kumchukua mama hata angetaka, na alitaka sana, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Basi dada akamchukua. Akamjengea chumba nyuma ya jengo la udobi, kuta mpya, dirisha la kutazama kichochoro, rangi ya maziwa. Watu walimsifia, na kusema kweli alistahili.

Ila chumba chenyewe kiliegemezwa kwenye ukuta uleule wa nyuma. Mwashi alipokutana na kofia ya bomba aliuliza afanyeje, akaambiwa atumie akili. Akaitumia. Aling'oa kofia, akaunga bomba la bati, akalipitisha juu ya kitanda cha mama hadi ukuta wa pili, akafunga viungo kwa utepe wa gundi na kulipaka rangi ileile ya maziwa. Lile tundu la kuvutia hewa akaliacha lifunguke humohumo chumbani. Kazi ikapendeza. Tena bomba lilikuwa na joto lake, na mama, ambaye hakuna kitu alichokichukia kama baridi, akawa anatundika sweta zake pale.

Masizi aliporudi, alikwenda kumwamkia mama hata kabla ya kuoga. Akaingia, akainua macho, akaliona bomba juu ya kitanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Kaa hapa kwenye joto."

"Unaendeleaje, mama?"

"Mzima. Kichwa tu, kila asubuhi kinagonga. Nikitoka nje kidogo kinatulia. Uzee huo, nifanyeje?"

Masizi akapanda kitandani na viatu vyake, akapitisha kidole kwenye kiungo, penye utepe uliokauka na kufunuka. Kidole kikarudi cheusi.

Mtu mwingine angemvuta dada yake kando wakaongea. Masizi hakuwa mtu wa kando. Alitoka mbio hadi mapokezi, wateja wako kwenye foleni na mafurushi yao, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Dada, zima boila. Mnamuua mama."

Foleni nzima ikageuka. Dada akatabasamu lile tabasamu la kuwaonyesha wateja.

"Mdogo wangu, punguza sauti. Nani anauawa hapa?"

"Viungo vinavuja. Moshi ule una hewa ya sumu, haina harufu, haionekani."

"Moshi uko ndani ya bomba. Kaangalie mwenyewe kama chumba kina moshi."

"Nimetoka huko sasa hivi. Zima."

"Nitamwita mwashi aongeze utepe. Lakini leo sizimi, mashuka ya hospitali yanasubiriwa."

Masizi hakubishana tena. Akaingia chumba cha boila, akazima, akafungua kichomeo na kuchomoa nozeli, kile kipua kidogo cha shaba kinachopuliza mafuta. Akakitia mfukoni mwa ovaroli, akaenda zake.

Kesho yake akaitwa kwenye kikao. Alikuwepo mjomba, kaka yake mama, aliyekuja na uso wa msibani. Dada akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, asisingiziwe. "Ananionea wivu tangu nimchukue mama," akasema. "Yeye hakuweza, basi na mimi nisiweze."

Maneno yale yalimkata maini Masizi, kwa sababu hayakuwa uongo mtupu. Wivu ulikuwepo. Lakini si wivu uliofungua viungo vya bomba, na alipojaribu kulisema hilo mjomba akamkatisha.

"Hata kama. Mzazi hatamkiwi kifo mbele ya watu. Ulijifunza wapi mambo hayo?"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anapapasa paji la uso kwa vidole viwili. Hatimaye akasema, "Rudisha kitu cha dada yako."

"Nitarudisha, mama, bomba likishatoka chumbani kwako."

"Nakuambia kama mama yako."

"Nimesikia, mama. Sirudishi."

Tangu azaliwe hakuwahi kumjibu mama yake hivyo. Mjomba akasonya. Mama akamtazama mwanawe, akasema taratibu, bila hasira, na bora angekuwa na hasira: "Basi usinisalimie tena. Mtu aliyenizika kwa mdomo wake sina cha kumwitikia."

Dada alihangaika kutafuta nozeli nyingine. Ya saizi ile haikupatikana madukani, mashuka yakarundikana mpaka mlangoni, na hospitali ikaanza kupiga simu. Mwishowe akamtumia mdogo wake ujumbe: njoo ufanye unachotaka, kisha uende zako.

Masizi akafanya. Aling'oa bati lote la mwashi, akaziba tundu la chumbani kwa tofali na saruji. Akatoboa ukuta wa ubavuni wa chumba cha boila, akalitoa bomba upya kichochoroni, juu, mbali na dirisha la mama. Alilaza bomba kwa mteremko kidogo ili maji yasirudi ndani, akapaka viungo gundi ya kuhimili moto, akapitisha kijiti chenye moshi kiungo kwa kiungo kuona kama kuna panapovuja. Hapakuwa na panapovuja. Akarudisha nozeli, akawasha, akasimama kuutazama mwali mpaka uliposhika vizuri. Muda wote huo mama alikaa nje kwenye kiti, amempa kisogo. Alipoingia chumbani na kukuta hakuna pa kutundikia sweta, alisema kwa sauti ya kusikika, "Hata kile kijoto kanitolea."

Tangu siku hiyo Masizi akawa anakuja kusafisha bomba tu. Dada hakumkataza, kwa sharti kwamba apitie kichochoroni asikanyage ndani. Anaweka ngazi, anafungua wavu, anakwangua masizi, anatoa vijiti vya ndege. Kila akifika husimama dirishani na kusema, "Shikamoo mama." Haitikiwi. Akija tena anasema tena.

Mchana mmoja alikuwa juu ya ngazi, mkono mzima umezama kwenye bomba, akasikia mama ana mgeni, jirani wa zamani.

"Na kile kichwa, mwenzangu? Si kilikuwa kinakutesa?"

"Kimepona kabisa," akasema mama. "Tangu yule akate mguu humu ndani, hakijaniuma hata siku moja. Wako watoto wengine ni mikosi tu, kuwazaa umewazaa, lakini ukae nao mbali."

Masizi alishika ngazi kwa mkono mmoja. Jibu alikuwa nalo, lingetosha kumnyamazisha mjomba na ukoo wote. Kichwa kimepona. Hilo lilimfurahisha, na kufurahi kwenyewe ndiko kulikomliza. Akafuta uso kwa mkono wa ovaroli, akajipaka weusi mpaka shingoni. Akarudisha wavu, akakaza skrubu zote, akashuka na kusogea dirishani.

"Shikamoo mama."

Mkono wa mama ukatokea, ukavuta dirisha, ukalifunga.