Dada Kasema Ameshiba

Mtu akikwambia Bi Dobi ni mkali, usimbishie. Ni mkali kweli, na mwenyewe hakatai. Amefua nguo za watu tangu usichana wake, na katika miaka yote hiyo ni mteja mmoja tu aliyethubutu kumrudishia shati akidai halijatakata. Huyo mteja mpaka leo akimwona kwa mbali huvuka barabara. Lakini hasira ninayotaka kuisimulia si ya shati. Ni hasira ya kitabu, na kitabu chenyewe kilitoka kwenye madaftari yake mwenyewe.

Alianza kuandika kwa sababu ya fujo za kazi. Suruali ya kinyozi ilikwenda kwa karani, ya karani ikaenda kwa kinyozi, na wote wawili wakaja mlangoni kumpigia kelele wakiwa wamevaa nguo zisizowaenea. Basi akanunua daftari, akawa anaandika nani kaleta nini. Jioni moja alipomaliza nguo za watu, kalamu ikiwa bado mkononi, akaongeza mstari wake mwenyewe: "Nguo hazikukauka." Kesho yake akaongeza mwingine. Mume wake alikuwa ameshika njia zake zamani kidogo, kamwachia binti aliyekuwa ameanza shule na mtoto wa kiume wa kubebwa mgongoni, na yale ambayo mtu humwambia mwenzake chumbani, yeye akawa anayaambia karatasi. Toka hapo hakuacha. Daftari likijaa linaingia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, anafungua jingine. Ameandika akiwa na homa, ameandika siku ya kumzika mama yake, ameandika mpaka miwani ikawa ya lazima.

Na kila siku ilianza vilevile. Ama "Nguo zimekauka," ama "Nguo hazikukauka." Ukisoma haraka utasema bibi huyu hana la kusema. Lakini jamani, dobi hali kwa kufua, hula kwa kukausha! Nguo mbichi haipigwi pasi, nguo isiyopigwa pasi mwenyewe haichukui, na asiyechukua nguo yake hatoi kitu. Wanasema aisifuye mvua imemnyea. Bi Dobi ilimnyea kuliko wote, na hakuisifu hata siku moja.

Siku ambazo nguo hazikukauka, sufuria ilikuwa nyepesi. Na chini ya mstari ule wa kwanza, karibu kila mara, alikuwa akiandika mwingine: "Dada kasema ameshiba."

Dada ndiye yule binti. Jina hilo alipewa siku mdogo wake alipozaliwa, na halikumtoka tena. Hata mama yake anamwita Dada. Alikuwa akionja tonge moja au mawili, kisha anaisukuma sahani upande wa mdogo wake. "Nimeshiba mie." Tumbo linanguruma mama anasikia, yeye anasema ameshiba! Mama angesema nini? Aliandika. Na mwaka mdogo wake alipofaulu kuingia sekondari, Dada akaacha shule, akaja kusimama kwenye pasi ya mkaa. Usiku huo daftari liliandikwa hivi: "Dada kaacha shule. Kasema akisoma kichwa kinamuuma. Mwongo. Mungu ampe maisha marefu mwongo wangu huyu."

Yule mdogo akasoma, akamaliza, akapata kazi, akapanda. Siku hizi mtaa mzima unamwita Meneja. Ana ofisi yenye kiyoyozi na dereva wa kumfungulia mlango. Na mashati yake meupe, nakwambia ukweli, mpaka leo dereva huyaleta kwa Dada kila mwisho wa wiki, kwa sababu hakuna anayejua kuinyoosha kola yake kama yeye.

Basi siku moja Meneja akaja nyumbani, akalivuta lile sanduku la bati, akakaa sakafuni na suruali yake ya ofisini, akasoma mpaka machozi yakamlengalenga. "Mama, maisha yako ni somo. Nitayatoa kitabu."

Bi Dobi alifurahi, wala hakuficha. Nani asingefurahi? Alitoa sharti moja tu.

"Usiongeze kitu."

"Siongezi hata nukta, Mama."

Na kweli hakuongeza. Alipunguza.

Siku ya uzinduzi ilifika. Ukumbi ulijaa wakubwa wa Meneja na wake zao, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe ambavyo Bi Dobi alivitazama mara moja tu akajua vimetiwa wanga na mtu mvivu. Walimketisha meza kuu. Wakamkabidhi kitabu. Jalada lilikuwa na picha yake, na juu yake maandishi ya dhahabu: *Tabasamu la Mama Yangu*. Akaisogeza picha karibu na miwani. Yeye tangu lini akatabasamu kwenye picha? Meno yale yalikuwa yamewekwa na kompyuta, tena yalikuwa mengi kuliko aliyonayo.

Hilo angelimezea. Akafungua ndani, akaanza kusoma wakati watu wanahutubu. Akasoma kuhusu mwanamke jasiri na mwanawe. Akageuza ukurasa. Mama anafua, mwana anasoma kwa kibatari. Akageuza tena. Mama anampeleka mwana sekondari, wanaagana wawili mlangoni. Uongo! Walikuwa watatu mlangoni pale, na sanduku la shule alilibeba Dada kichwani. Akaharakisha, akarudi nyuma, akaenda mwisho. Hakuona nguo zilizokauka wala ambazo hazikukauka. Dada hakuwemo.

Akainua uso. Dada alikuwa kule kati ya meza, amebeba trei ya sahani, kwa sababu mmoja wa wahudumu hakutokea na yeye ni mtu asiyeweza kuona kazi akaketi.

"Mama na mwana!" mshereheshaji alikuwa akipaza sauti kwenye kipaza sauti. "Mama na mwana, wapigieni makofi!"

Bi Dobi akamvuta mwanawe mkono wa koti. "Dada yako yuko wapi?"

"Si yule pale, anagawa chakula."

"Nakuuliza humu." Akakigonga kitabu kwa kidole.

Meneja aliendelea kuwachekea wageni. "Mhariri ndiye alishauri, Mama. Watu wakiwa wengi msomaji anapotea."

"Tulikuwa watatu! Huyo msomaji wenu anapotea kwa watu watatu?"

"Na hayo mambo ya nguo, Mama. Zimekauka, hazikukauka, kila siku. Nani atasoma hayo?"

"Wewe uliyala hayo. Leo kuyasoma ndiyo yanakushinda?"

"Mama, tafadhali. Tutazungumza nyumbani. Watu wanatuangalia."

"Si umewaita waje kuangalia?"

Meneja akageukia jukwaa, akajifanya anasikiliza hotuba. Dada akawafikia na trei yake, jasho limemkaa juu ya mdomo, akaweka sahani mbele ya mama yake, nyingine mbele ya mdogo wake. Mbele yake mwenyewe hakuweka kitu.

"Umekula, mwanangu?" mama akamuuliza.

"Wageni kwanza, Mama."

"Nimekuuliza, umekula?"

"Nimeshiba mie," Dada akasema, akaenda zake.

Ebo! Ilikuwa kama mtu kampiga Bi Dobi kofi. Mvi zimeshaanza kumtoka binti yule, na bado ameshiba! Katika ukumbi uliojaa nyama na wali, kwenye sherehe ya maisha yao, ameshiba! Damu ilimpanda kichwani Bi Dobi mpaka masikio yakawa ya moto. Nia ya kuipindua ile meza ilimjia, wacha nikwambie, na mikono tayari ilikuwa imeshika ukingo. Kilichomzuia ni kwamba vitambaa vile kuna dobi mwenzake angevifua kesho.

Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa Mama atatia sahihi vitabu. Wageni wakapanga mstari. Meneja akampa kalamu yake nzuri, akamwinamia. "Sahihi tu, Mama. Haraka haraka."

Wa kwanza alikuwa mgeni rasmi, mkubwa wa kazi wa Meneja. Bi Dobi akakifungua kitabu kwenye ukurasa mweupe wa mwanzo, akaandika. Akaendelea kuandika. Mkubwa akabadilisha mguu wa kusimamia. Alipopewa kitabu chake akasoma: "Nguo hazikukauka. Tulikuwa na viazi vichache. Dada kasema ameshiba, mdogo wake akamaliza."

Wa pili akaandikiwa: "Dada kaacha shule ili mdogo wake asome. Hakuna aliyemwambia. Alijitoa mwenyewe." Wa tatu akaandikiwa jinsi Dada alivyoungua mkono kwa pasi siku ya mtihani wa mdogo wake, akamalizia shati la mtihani kwa mkono wa kushoto. Wa nne, wa tano, kila mmoja na lake, na hakuna aliloandika mara mbili. Hakuwa na daftari mbele yake, lakini mtu aliyeandika maisha yake kila siku hahitaji kuangalizia.

Mstari haukwenda. "Jamani, Mama anaandika kitabu cha pili!" mshereheshaji akatania, na ukumbi ukacheka. Waliokwisha kusoma vyao hawakucheka. Walikuwa wanamtafuta kwa macho mwanamke mwenye trei.

Mgeni rasmi akamgeukia Meneja. "Kumbe una dada?"

"Ndiyo, mzee. Yupo."

"Yupo wapi? Tusalimiane naye basi."

Meneja alimwacha pale. Alikuja mezani kwa mama yake, uso umemvimba, akasema kwa meno yaliyofungwa, "Unaniaibisha, Mama. Mbele ya watu wangu wa kazi!"

"Mimi sijaongeza kitu," Bi Dobi akasema, na hakupunguza sauti. "Narudisha ulichotoa. Hasira zangu zimo humo, machozi yangu yamo humo, ukataka kuchuja, chuja, mimi ni wako. Lakini yule hukumzaa wewe hata umfute. Lete kitabu chako."

"Mama..."

"Lete!"

Akakileta. Bi Dobi akaandika mistari miwili tu, akakisukuma mbele yake. Meneja akasoma: "Leo nguo zimekauka. Dada kasema ameshiba."

Mtu mwingine asingeelewa. Meneja alielewa. Alikuwa ameikuta mistari ile kwenye kila daftari, akaifuta mmoja mmoja kwenye nakala ya kitabu kwa mkono wake, na kila alipoufuta alijua sahani ya nani ilikuwa inasogezwa kwa nani. Alisimama pale na kola yake iliyonyooka. Kisha, bila kuinua uso, akamwita mpishi.

"Chakula kimebaki?"

Mpishi akainua mfuniko wa sufuria moja, akainua wa pili. "Kimekwisha, bosi. Wageni walizidi."

Meneja akamgeukia mama yake. "Mama, kimekwisha."

Bi Dobi akaifunga kalamu, akaiweka juu ya kitabu. "Basi vua koti," akasema, "ukapike."