Barafu ya Okumu

Iko Jumamosi moja, mwanangu, inayonirudia kila nikionja kitu baridi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini hapa Kisumu, miaka ya sitini ikielekea kwisha, nikimfanyia kazi Mama Kanta, Mhindi muuza aiskrimu karibu na soko. Nyinyi mnadhani aiskrimu huzaliwa ndani ya friji. Mama Kanta aliniambia wafalme wa kale waliletewa theluji kutoka milimani wakaimwagia sharubati, na kwamba kwao maziwa yalichemshwa mpaka yakawa mazito, yakatiwa iliki, ikawa kulfi. Sisi tulitengeneza hiyo kulfi, na aiskrimu ya mayai na vanila, ya embe, na ya maji na sukari kwa watoto wa senti chache. Zote zilitaka barafu: mkebe wa maziwa unatiwa ndani ya ndoo, barafu na chumvi vinauzunguka, nawe unazungusha mpini mpaka bega lilie.

Siku hiyo mashine ya barafu kule ziwani iliharibika, na tulikuwa tumeahidi harusi. Haraka haraka haina baraka. Methali hiyo nilikuwa nimeisikia, sikuisikiliza. Barafu iliyobaki mjini ilikuwa katika chumba cha samaki, imemzunguka Okumu, mvuvi aliyezama, huku kaka yake akingojewa afike kwa treni kutoka Mombasa. Mama yao alikuwa ameketi mlangoni. Nikamwambia nimetumwa barafu.

"Pita, nyathina," akasema, akiniita mtoto wake kwa Kijaluo. "Na umsalimie."

Sikumsalimia. Nilivunja barafu ya upande wa kichwa, maana ndiyo iliyokuwa karibu, nikaitia kwenye gunia. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Nikatoka mbio.

Barafu ile haikugusa maziwa, nakuapia. Lakini siku zote barafu hulialia ndani ya ndoo ikiyeyuka, ile ilinyamaza. Nilizungusha bila kusikia chochote, hata pumzi yangu. Aiskrimu ikaganda upesi, laini kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na kule harusini wakaisifu. Mimi niliogopa. Nikampelekea yule mama kikombe kimoja, kumtuliza yeye au kujituliza mimi, sijui. Akaonja kidogo, akanirudishia.

"Hii baridi naijua," akasema. "Asubuhi nilishika uso yake."

Jumatatu kaka akafika. Joto la Kisumu halimngoji mtu. Wazee walikuwa wameshapigilia sanduku misumari, wakamkataza kulifungua. Akalaza shavu juu ya mbao, akawa anamuuliza ndugu yake kama anamsikia. Mzee Ogola, mlinzi wa kile chumba, alinivuta kando. Hakufoka.

"Ile barafu ilikuwa blanketi yake," akaniambia. "Wewe umemfunua, na ndugu yake bado iko njiani."

Wanasema majuto ni mjukuu. Nimepata wajukuu tisa, na huyo ndiye mkubwa wao.

Basi nisikie. Kilichowekwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kujisemea usikiguse, hata ukiambiwa pita, hata kazi yako ikiwa halali na wateja wanangoja. Harusi ile ingekula mandazi, na watu wangecheza vilevile. Kaka yake Okumu alikuwa na nafasi moja tu ya kumtazama, nami niliipeleka harusini.

Mungu akufikishe mapema kwa walio wako, mwanangu, na kila ufikapo ukute nyuso zao zikikutazama.