Mama Aliponificha Jua

Mimba yangu ya kwanza ilipotishia kutoka, mama alinichukua kwa mume wangu, akanirudisha kwake, mtaa wa Tshopo hapa Kisangani, akanifungia chumbani. Nilipojifungua salama hakunifungulia. Kwao, wavuvi wa maporomoko, mwanamke aliyejifungua mara ya kwanza hukaa ndani mpaka anenepe na rangi ing'ae, na mama hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Nilikaa mwaka mzima na zaidi.

Sitasema uongo: nilifurahi. Aliniosha kwa maji ya moto, akanilisha lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki aliowatoa miiba yote kwa vidole. Wengine walitafuna samaki wadogo wazimawazima. Mimi nilikula kama malkia na bado nikalalamikia chumvi. Sijadekezwa hivyo tena.

Mapaja yalipoanza kuuma, mama alisema ni uchovu, akaniongezea mapumziko. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na yeye alinichelea hata jua.

Siku ya kutoka nilivikwa vitenge vipya. Nilitembea nikiyumba kama bata kwa maumivu, na wanawake wakapiga vigelegele.

"Angalia vile anatembea," jirani akasema. "Mama yake alimulisha bien."

Nami, mjinga, nikayumba zaidi ili mama asifiwe. Kwenye kizingiti mguu ulikataa kunyanyuka. Mama alinibeba hadi ndani, na kesho yake tukaenda hospitali.

Daktari alitazama picha ya nyonga, akasema mifupa imelainika: mtoto alikuwa amechota kalsiamu yangu, na bila jua mwili ulishindwa kuirudisha.

"Donc, ulikuwa hautoke inje?"

Nilijibu haraka kwamba ni uvivu wangu, nilipenda kulala.

"Anadanganya, docteur," mama akasema. "Ni mimi nilimufungia."

Kabla ya siku hiyo mama hakuwahi kukiri kosa, hata mboga ya pondu ikiungua alilaumu makaa. Kumsikia akikiri kuliniogopesha kuliko habari ya mifupa.

Nilipewa matone ya dawa na maziwa. Kila asubuhi mama alinikalisha uani juani, akakaa nami, miezi mingi, mpaka nikatembea vizuri. Asubuhi moja, bila kunitazama, aliniuliza, "Unanisamehe?"

Nilicheka, nikamwomba chai. Nilidhani jibu analijua. Sasa mama ni marehemu, na sikumwambia ndiyo.