Sema Huku Ukitetemeka

Siku ile naikumbuka kwa jasho lake, mwanangu. Ilikuwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, hapa hapa Mishomoroni, na bwana harusi nilikuwa mimi. Kanzu mpya, kofia niliyoshonewa na nyanya yangu, makubadhi yakilia njia nzima. Kazi yangu ilikuwa kusema neno moja tu mbele za watu, "Nimekubali," kisha Mwanaidi awe mke wangu. Neno moja! Hata kasuku angelisema.

Lakini mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Changamwe, siku nzima nimevaa kinyago, na nakwambia kweli, nilichoipendea kazi ile ni kwamba hakuna aliyeniona uso. Watu watatu wakinitazama kwa pamoja, koo lilifunga. Nilikuwa nikiingia mkahawani nashindwa kuagiza chai, natoka na kiu yangu. Watu wakasema kijana ana haya, ana adabu, mashallah. Nami nikajificha ndani ya sifa hiyo.

Basi msikiti ukajaa, macho yote kwangu. Nikamwambia mjomba nakwenda kutia udhu. Nikatokea mlango wa nyuma, pekupeku, nikakata vichochoro, nikaenda kujificha kwa rafiki yangu. Mwanaidi alikuwa kwao, hina mikononi, ananisubiri. Wallahi, hata leo nikiikumbuka hina ile naona aibu.

Asubuhi yake nyanya akanifuata huko. Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Aliyaweka makubadhi yangu sakafuni, akasema, "Makubadhi yalirudi nyumbani jana. Wewe bado. Kuona haya ni pambo, mjukuu wangu, lakini haya ya kumwacha mtoto wa watu na hina mikononi si haya tena, ni maradhi. Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda ukatibiwe."

Babake Mwanaidi hakutaka hata kulisikia jina langu, na ilikuwa haki yake. Mwanaidi ndiye aliyemshika miguu. Akaniletea salamu kupitia kwa nyanya: atanisubiri miezi sita, na nikitoroka tena, nisimjue asinijue.

Nikaenda kliniki moja ya Kisauni nikitarajia vidonge. Muuguzi mmoja, akiitwa Kadzo, akanitia chumbani. Viti vya plastiki vimepangwa duara, watu sita wamekaa. "Dawa yako ni hawa," akasema. Lahaula! Mtu anaogopa watu, wewe wampa watu? Nikakaa kiti cha karibu na mlango. Wiki tatu nzima sikutaja ila jina langu, nalo kwa taabu.

Lakini masikio hayakuwa na hofu, nikasikiliza. Mama Dama, muuza viazi karai wa Bamburi, hodari wa kutaniana na wateja, kumbe alikuwa hawezi kutia tonge kinywani mbele ya mtu. Karisa, karani wa malori, alikuwa amekataa cheo mara mbili kwa sababu mkubwa hulazimika kuzungumza mkutanoni. Miaka yote hiyo mimi nilidhani niko peke yangu! Mficha uchi hazai, mwanangu. Wiki ya nne nikawaeleza habari ya hina. Nililia. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyenimalizia maneno, maana sheria ya mle ilikuwa mwenye neno asubiriwe, na la mle libaki mle. Haya ninayokwambia, wenyewe wamenipa ruhusa.

Kisha Kadzo akataka kila mtu alete jambo analoliogopa tulifanyie mazoezi. Langu walijua. Karisa, mtu wa kanisani kila Jumapili, akafungwa kilemba kwa leso ya Mama Dama, akawa sheikh. Mara ya kwanza nilikwama. Mara ya pili nilitoka nje, nikarudi. Nikasema nitaweza hofu ikiisha.

"Na isipoisha?" Kadzo akauliza. "Sema huku ukitetemeka."

Siku ya nikaha ya pili ikafika, kabla ya miezi sita kuisha. Watu walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, wengine, nadhani, ili waone nitatokea mlango upi. Babake Mwanaidi aliushika mkono wangu, akaubana kama mtu aliyeshika mwizi. Akasema, "Nimekuoza binti yangu Mwanaidi kwa mahari tuliyokubaliana."

Neno halikutoka. Mtu akakohoa. Sheikh akaniangalia, mjomba akaanza kunong'ona, "Sema, sema," na mlango wa nyuma nikauona uko wazi. Nikageuza macho. Nje barazani, kando ya viatu, alikaa Karisa niliyemwalika. Hakunong'ona. Alinisubiri tu, kama kule duarani.

"Ni... nimekubali," nikasema. Sauti ilitetemeka, kipaza sauti kikaipeleka mtaa mzima. "Nimekubali kumuoa Mwanaidi kwa mahari hayo." Miguu ilikuwa inacheza ndani ya kanzu, lakini haikwenda popote.

Nilipoingizwa kwa Mwanaidi nilimwomba radhi kwa sauti ile. Akacheka, machozi yanamtoka. "Nilikusikia ulivyotetemeka," akasema. "Asiyenitaka asingetetemeka vile akabaki."

Sasa wewe. Babako, ndugu yangu, ameniambia barua ya kliniki iko mfukoni mwako wiki ya pili, na juzi wageni walipokuja ulijifungia chooni mpaka wakaondoka. Sikucheki, mimi nilitoroka harusi yangu! Nasaha yangu ni hii: usiingoje hofu iishe ndipo uishi, na usiibebe peke yako, maana wenzio wanaibeba nao wako kimya kama wewe. Kaa nao, wasikilize, na zamu yako ikifika sema, hata kwa sauti mbovu.

Kesho saa nne nitakusindikiza mpaka mlangoni. Ndani utaingia mwenyewe. Kiti cha karibu na mlango si aibu, nilikikalia mimi. Ila viatu vyako nitavishika, ingawa najua fika mtu hutoroka hata pekupeku.

Nenda, mwanangu. Mola akufungue kifundo cha ulimi, akukutanishe na watu wa kukusubiri, na akujaalie siku yako ikifika, ikukute hujaondoka. Amin.